Maji ya kuoshea samaki: jinsi ya kujenga chemba ya kunasa mafuta na kufuata vibali, kwa wenye viwanda vidogo Mwanza

Karibu kila anayenipigia simu huanza na karatasi. "Kaka, cheti cha mazingira kinapatikanaje? Nitafutie mtu wa kuniandikia ripoti." Nami humuuliza kwanza: maji yako ya kuoshea samaki yanaishia wapi? Wengi hunyamaza. Wanajua yanapotokea, bombani. Yanapoishia hawajawahi kupafuata kwa miguu.

Nina kiwanda kidogo cha minofu ya sangara na sato hapa Nyakato, tuko watu 9. Mwaka 1999 Ulaya ilipofunga mlango kwa samaki wa ziwa letu, Ziwa Victoria, kwa hofu ya viuatilifu, nilikuwa kibarua kijana, na nilishuhudia kazi ikikauka kwa sababu ya kitu kilichotiwa majini. Tangu hapo naamini maji ndiyo biashara yenyewe. Haya ndiyo ninayoyafanya, kwa mpangilio ninaoufuata. Ukianza na karatasi utalipia ripoti inayoeleza kiwanda kibovu, kisha utalipia nyingine baada ya kukirekebisha.

Hatua ya 1: Pima mita 60

Kabla ya tofali lolote, chukua futi kamba. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, kifungu cha 57, inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa au mto. Mto Mirongo nao umo, hata pale unapopita katikati ya nyumba na watu kuuona kama mtaro tu. Ukiwa ndani ya mita hizo, chemba nzuri kiasi gani haitakuokoa. Tafuta eneo jingine mapema.

Usijibane kwenye mita 60 kamili. Mwaka 2020 ziwa lilipanda kupita viwango vyote vilivyowahi kurekodiwa, na waliokuwa wamejipimia kwa kubana waliamka na maji mlangoni.

Hatua ya 2: Fuata maji yako

Fungua koki, mwaga ndoo mbili sakafuni, kisha toka nje uyafuate mpaka mwisho. Kuna mahali pa aina tatu tu: bomba la majitaka la MWAUWASA (mamlaka ya maji na usafi wa mazingira ya Mwanza), shimo lako mwenyewe, au mtaro wa mvua. Kama ni mtaro wa mvua, simamisha. Mitaro ya mvua ya mji huu hushuka ziwani bila kupita kwenye mabwawa ya kusafishia, na maji ya kunywa ya Mwanza tunayachota ziwa hilohilo.

Siku hiyohiyo pima wingi wa maji. Weka ndoo ya lita 20 chini ya koki, hesabu muda. Kwangu kila koki iliijaza kwa dakika 2, yaani lita 10 kwa dakika. Koki mbili zikifunguliwa pamoja ni lita 20 kwa dakika. Andika namba hiyo, ndiyo itakayokujengea chemba.

Hatua ya 3: Fagia kabla ya kumwaga maji

Hapa ndipo pesa na uchafu vinapookolewa, na hakuna cha kununua zaidi ya fagio, mpira wa kukwangulia na karai.

Damu ndiyo adui mkubwa. Uchafu wa aina hii hupimwa kwa BOD, kiasi cha oksijeni ambacho vijidudu hutumia kuula ndani ya siku 5. Kiwango cha Tanzania kwa maji yanayoachiwa kwenye mazingira ni miligramu 30 kwa lita. Damu ya mnyama, ikiwa haijachanganywa na kitu, kwa kawaida hupita miligramu 100,000 kwa lita. Piga hesabu: lita moja ya damu inahitaji zaidi ya lita 3,000 za maji safi ili ifike kwenye 30. Huna maji hayo, na hata ungekuwa nayo, kuchanganya ni kudanganya tu. Uchafu unabaki uleule, na virutubisho vyake huenda kulisha gugumaji.

Kwa hiyo meza ya kupasulia iwe na mteremko kuelekea ndoo. Damu na matumbo viingie ndooni kabla ya koki kufunguliwa. Magamba yakwanguliwe yakiwa makavu. Mapanki (mifupa na vichwa) na mabondo (vifuko vya hewa vya samaki) yana wateja wake, hilo sina haja ya kumfundisha mtu wa Mwanza. Matumbo yana watengeneza chakula cha kuku. Mwezi wa kwanza wafanyakazi wangu walinung'unika kwamba ninawachelewesha. Tulipozoea, tukawa tunamaliza usafi mapema kuliko zamani, kwa kuwa sakafu haina tena ute wa kusugua.

Tobo la sakafuni liwe na kikapu cha wavu wa matundu ya milimita 5. Kimwagwe kila jioni.

Hatua ya 4: Jenga chemba ya kunasa mafuta

Kanuni yake ni nyepesi: maji yatulie, mafuta yapande, tope lizame, na maji ya katikati ndiyo yatoke. Kutulia kunataka dakika 30.

Chukua namba ya ndoo: lita 20 kwa dakika mara dakika 30 ni lita 600. Ongeza nusu yake kwa ajili ya mafuta na tope vitakavyokaa humo, unapata lita 900. Chemba yangu ina urefu wa mita 1.5, upana sentimita 60, na kina cha maji mita 1. Hiyo ni lita 900 kamili. Tofali, plasta ya ndani iliyosuguliwa vizuri isivujishe, na mifuniko miwili ambayo mtu mmoja anaweza kuinyanyua. Mfuniko unaohitaji watu wanne haufunguliwi, na chemba isiyofunguliwa hugeuka shimo la choo.

Ndani weka ukuta wa kugawa, ukiacha theluthi mbili upande wa kuingilia. Ukuta huo uwe na tundu karibu na katikati ya kina.

Sasa mabomba, na hapa nakuomba usimame juu ya fundi wako. Bomba la kuingilia liwe juu ya la kutokea kwa sentimita 5. Yote mawili yawe na tii, yaani kiungio chenye umbo la T, si bomba lililonyooka. Mguu wa tii ya kutokea ushuke sentimita 60 chini ya uso wa maji, mdomo wa juu ubaki wazi kwa hewa na kuzibulia. Chemba yangu ya kwanza ilijengwa na fundi aliyeniambia, "Bosi, tii ya nini? Bomba tu linatosha." Akaliweka usawa wa uso wa maji, yaani palepale mafuta yanapoelea. Kwa miezi mitatu nilikuwa nimejenga mashine ya kuchagua mafuta na kuyapeleka kwa jirani. Mama wa nyumba ya chini ndiye aliyekuja kuniita nione utando wa njano kwenye mtaro wake, unanuka, kuku wake wanaudonoa. Niliona aibu sana.

Kosa la pili lilikuwa langu. Niliacha maji ya paa yaingie chembani. Mvua ya Aprili ikapiga saa moja tu, ikafagia kila kitu nje. Maji ya mvua yawe na njia yake.

Usimwage maji ya moto humo, wala sabuni za kuyeyusha mafuta. Mafuta yakiyeyuka hupita chembani na kuganda mbele, kwenye bomba usiloweza kulifikia.

Hatua ya 5: Kijiti cha kila Jumatatu

Nina fito ya mita moja na nusu iliyozungushiwa kitambaa cheupe. Kila Jumatatu asubuhi, kabla ya koki kufunguliwa, ninaishusha taratibu mpaka chini, nahesabu hadi 20, naitoa. Juu kitambaa kina mafuta ya njano, katikati maji ya kijivu, chini tope jeusi. Napima kwa rula. Mafuta na tope vikifika jumla ya sentimita 25, robo ya kina, siku hiyo tunaisafisha. Mafuta yaliyoibuliwa yasirudi kwenye chakula cha binadamu kwa njia yoyote.

Kila kipimo naandika daftarini: tarehe, sentimita, ndoo zilizotolewa, nani alizichukua, risiti ya gari la kunyonya.

Hatua ya 6: Sampuli

Chemba peke yake haitakufikisha kwenye miligramu 30. Inapunguza mzigo, haimalizi. Baada yake maji yaingie kwenye mfumo wa MWAUWASA kwa idhini yao, au yabebwe na gari, au yapite kwenye bustani ya matete iliyosanifiwa na mtu anayeijua kazi hiyo.

Ili ujue ulipo, peleka sampuli kwenye maabara ya maji. Chukua wakati kazi imepamba moto, si asubuhi maji yakiwa meupe. Tumia chupa uliyopewa na maabara, ijaze mpaka juu isibaki hewa, itie kwenye boksi la barafu, ifike siku hiyohiyo. Omba BOD, COD (oksijeni inayohitajika kuumaliza uchafu kwa kemikali), chembechembe zinazoelea, pH (uchachu wa maji) na mafuta. BOD itakuchukua siku 5.

Hatua ya 7: Sasa karatasi

Kama kiwanda hakijaanza, sajili mradi NEMC (baraza la taifa la mazingira) kupitia mtaalamu wa mazingira aliyesajiliwa. Kanuni zilizorekebishwa 2018 zinapanga miradi kwa uzito: A, B1, B2 na kundi maalumu, na kundi lako ndilo linaloamua kama utafanya tathmini kamili ya athari kwa mazingira au andiko fupi. Kama tayari unafanya kazi bila cheti, njia yako ni ukaguzi wa mazingira. NEMC wana ofisi ya kanda hapa Mwanza. Nenda mwenyewe ukaulize kundi lako kabla ya kumlipa yeyote.

Ukiachia maji kwenye mto au ardhini, unahitaji pia kibali cha kutiririsha majitaka cha Bodi ya Maji Bonde la Ziwa Victoria. Ukiwa na kisima, kibali cha kutumia maji ni cha kwao vilevile.

Na mteja asitoke kwako na samaki kwenye mfuko laini wa plastiki. Mifuko hiyo imepigwa marufuku tangu tarehe 1 Juni 2019.

Maafisa walipokuja kwangu mara ya mwisho, niliwapa daftari, kisha nikafunua mfuniko na kushusha fito mbele yao. Mmoja wao aliomba aishike mwenyewe. Ilisoma sentimita 11.