Runinga ya kichogo kwa mtindo wa stimpanki: namna ya kuijenga ukiwa Mtwara

Mtu akiniletea kazi ya stimpanki, yaani mtindo wa mashine za kufikirika za enzi ya mvuke na shaba, niione, naanza na swali moja: hii gia inazungusha nini? Akijibu kwamba imebandikwa tu, basi hilo ni pambo, mashine hakuna. Runinga tunayoijenga hapa ni ya kutazamia vipindi vya utotoni, na kila kipande cha shaba kitakachoonekana lazima kiwe na kazi yake. Usipokubaliana nami hapo, duka la rangi ya dhahabu ya kupuliza haliko mbali.

Jina la mtindo huu lilitolewa na mwandishi K. W. Jeter kwenye barua yake kwa jarida la Locus mwaka 1987. Runinga ilikuwa imeshatangulia: tamthilia ya The Wild Wild West ya kituo cha CBS huko Marekani, iliyorushwa 1965 hadi 1969, ilikuwa na wapelelezi wanaosafiri kwa treni yao wenyewe ya mvuke, wamesheheni vifaa vya ajabu. Sisi wa Kusini treni hatukuisikia kwa hadithi. Mradi wa karanga wa Waingereza ulituletea reli kutoka bandarini Mtwara hadi Nachingwea; mradi ukafa 1951, reli nayo ikafungwa mwanzoni mwa miaka ya 1960. Kwa hiyo usihangaike kuiga London. Mashine za shaba za huku tunazijua: karabai, jiko la pampu, cherehani ya mkono.

Vipindi navyo ni vya huku. Zanzibar walipata runinga 1973, bara tukasubiri hadi 1994, vituo vya CTN na ITV vilipoanza. Ndiyo maana waliokua miaka hiyo ya mwanzo wanakumbuka katuni za jioni, taarifa ya habari ambayo hakuna kusema neno mzee akiwa sebuleni, na michezo ya kikundi cha maigizo cha Kaole.

Hatua ya 1: Tafuta runinga, na usiifungue

Chukua ya nchi 14. Ya nchi 21 inahitaji watu wawili kuinyanyua, na boksi lake litageuka kabati. Tangu mitambo ya analojia ianze kuzimwa mwishoni mwa 2012, vichogo vimejaa stoo za watu na kwa mafundi, vingine bado vizima. Kabla hujalipa, iwashe uone mambo matatu: picha inajaa kioo chote, tundu za AV (za kuingizia picha na sauti) zinapokea, na kitufe cha kuwashia kinabonyea na kushika chenyewe. Ukiona madoa ya kijani au zambarau kwenye kona, uliza kama kuna spika au sumaku iliyokaa karibu. Mara nyingi ni hiyo tu.

Sasa sikiliza vizuri. Mgongo wa runinga hatuufungui. Kwenye kioo cha rangi kuna kofia ya mpira inayopitisha volti 20,000 au zaidi, na umeme huo unaweza kubaki ndani hata baada ya kuchomoa waya ukutani. Kioo chenyewe hakina hewa ndani. Kikivunjika, vipande vinaruka. Tutajenga boksi nje ya ganda la plastiki kama lilivyo. Runinga ikiharibika, itatoka nzima na kwenda kwa fundi wake.

Hatua ya 2: Kusanya shaba

Zungukia wanunuzi wa vyuma chakavu na mafundi friji. Unachotafuta: karabai au jiko la pampu lenye tangi la shaba, gurudumu la cherehani, vipande vya bomba jekundu la friji la nchi 3/8, na mshale wa sauti (ile sindano inayocheza kwa kufuata sauti) kutoka redio kaseti iliyokufa. Spika za kompyuta zenye amplifaya ndani utazipata kwa mafundi simu. Ukipita Mikindani utaona milango ya kale yenye shaba nzuri. Mwenye kukuuzia shaba iliyong'olewa mlangoni, mwache na mali yake.

Tangi la karabai limekaa na mafuta ya taa miaka mingi. Lioshe kwa sabuni na maji moto, liache wazi juani siku kadhaa, ulinuse. Likiwa bado linanuka usilisogezee moto wala msumeno wa umeme, kwani mvuke wa mafuta uliofungiwa unaweza kulipuka.

Hatua ya 3: Boksi

Mninga ukipata mabaki kwa fundi seremala, vizuri. Mbao za paleti zikipigwa randa pia zinafaa. Acha nafasi ya sentimita 5 kila upande wa runinga, toboa matundu juu, na mgongo uache wazi wote. Kichogo hupata joto, na boksi lililozibwa ni njia ya haraka ya kukiua. Sakafu ya boksi iwe ya mbao nene, maana uzito wote wa kioo uko mbele na boksi jepesi litaanguka kifudifudi. Usizibe kile kijicho cha rimoti.

Hatua ya 4: Pampu ya kuwashia na gurudumu la sauti

Hapa ndipo kazi inaponoga. Ng'oa pampu ya karabai pamoja na shina lake, ifunge kwenye ubao wa mbele ili ncha ya shina ielekee kitufe cha kuwashia cha runinga. Ncha hiyo ivalishe kipande cha mpira wa ndala. Mwendo unaohitajika haufiki hata sentimita moja, kwa hiyo weka kizuizi kwenye shina. Mtoto akisukuma kwa nguvu zake zote, kitakachopokea nguvu ni kizuizi. Mtu anasukuma pampu, kioo kinalia "tiii", picha inakuja polepole. Hakuna mtu wa umri wangu aliyewahi kuisukuma bila kucheka.

Gurudumu la cherehani linakwenda kwenye kitasa cha sauti cha ile amplifaya ya spika za kompyuta. Shina la kitasa kwa kawaida lina unene wa milimita 6, na tundu la gurudumu ni kubwa zaidi, kwa hiyo unahitaji kijazio katikati. Omba kipande cha mpingo kwa wachonga vinyago. Mpingo ni mgumu, ukiulazimisha unapasuka: toboa kwa kasi ndogo, anza na biti ya milimita 2, panda taratibu hadi 6, na kila mara itoe biti uipoze. Vumbi lake linawasha pua, vaa barakoa. Kijazio kikikaza gurudumu bila gundi, umepatia. Gundi tone moja tu, la kuzuia kisichezecheze.

Hatua ya 5: Bomba, mbiu na mshale

Bomba la friji ndilo litakalopitisha waya wa spika kutoka kwenye amplifaya hadi kwenye mbiu juu ya boksi. Kulikunja bila kuliponda: lipashe hadi liwe jekundu, litumbukize majini, litalainika. Kisha lijaze mchanga mkavu uliochekechwa, ziba ncha zote mbili, likunje kwenye kigogo cha mviringo. Mchanga wa ufukweni uoshe kwanza, chumvi ikibaki ndani italila bomba. Mwaga mchanga, pitisha waya.

Mbiu mpe fundi bati, yuleyule anayetengeneza vibatari na majiko ya mkaa. Mwambie unataka koni yenye mdomo wa sentimita 25, na shingo inayotosha spika ya nchi 3. Sauti itatoka na ukali wa katikati, bezi hakuna, na ndivyo tulivyokuwa tukisikia. Sumaku ya spika ikae angalau sentimita 30 kutoka kwenye kioo, la sivyo yale madoa ya rangi yatarudi.

Mshale unaunganishwa kwenye nyaya mbili za spika: daiodi (kipande kinachopitisha umeme upande mmoja tu) ya 1N4148 kwenye waya mmoja, ikifuatiwa na rizista ya kuzungusha ya kilo-omu 10. Anza rizista ikiwa juu kabisa, ishushe hadi mshale uguse wekundu pale tu mtu anapopiga kelele. Mshale ukirudi nyuma badala ya kupanda, geuza daiodi au nyaya za mshale, kimoja tu.

Hatua ya 6: Vipindi

Deki ya DVD yenye tundu la flashi inatosha. Waya wa njano unakwenda kwenye runinga, mwekundu na mweupe kwenye amplifaya. Deki nyingi za zamani zinasoma flashi iliyofomatiwa FAT32 tu, na faili za AVI au MPEG; yaliyopakuliwa karibuni yageuze kwa programu kama VLC, ukubwa 720 kwa 576, PAL, uwiano 4:3. Usikubali picha iliyovutwa pembeni hadi nyuso zinapanuka. Vipindi hivi vilipigwa kwa kioo hiki, viache na umbo lake.

Kama nyumbani kuna kanda za VHS, zikague kwanza kwenye mwanga. Kwa hewa yetu ya pwani, ukungu mweupe pembeni mwa mkanda ni jambo la kawaida, na kanda yenye ukungu ikiingia kwenye deki ya kanda iliyo nzima inauchafua usomaji wa kanda zote zitakazofuata.

Halafu panga flashi kwa ratiba, usiweke orodha ya kuchagua. Katuni, tangazo la sabuni, katuni tena, habari, mchezo wa kuigiza. Matangazo usiyafute. Tulikuwa tukisubiri, na nusu ya raha ilikuwa kule kusubiri, huku mdogo wetu mmoja yuko nje ameshika mlingoti wa antena na ndani wanapiga kelele: "Geuza! Geuza! Hapohapo! Umepitiliza!" Rimoti ifungie kabatini.

Hatua ya 7: Hewa ya bahari

Shaba ya Mtwara haibaki iking'aa, na mimi naona isilazimishwe. Ukitaka ukijani uje mapema, pangusa siki iliyochanganywa na chumvi, funika kwa nailoni usiku kucha. Ukifika rangi unayoipenda, suuza kwa maji baridi, kausha kabisa, paka nta ya nyuki iliyoyeyushwa na tapentaini. Iyeyushe juu ya maji moto, mbali na mwali, kisha sugua kwa kitambaa cha pamba. Rudia kila masika yakiisha. Pampu na gurudumu usipake, mikono ya watu itaving'arisha yenyewe.