Somo: Kuunganisha sera za kampuni na mfumo wa mafunzo ya wafanyakazi, hatua kwa hatua

Salaam wakuu. Nianze na glavu.

Katika kiwanda kimoja cha kubangua korosho hapa Mtwara, nikiwa mtu wa kompyuta na nusu mtu wa utumishi, tulibadili sera ya vifaa vya kujikinga. Zamani mpasuaji alipaka mafuta ya nyonyo mikononi, basi. Toleo jipya likasema glavu, si mafuta peke yake. Meneja akasaini, nakala ikaingia kwenye faili, nyingine ikabandikwa ubaoni. Video anayoonyeshwa mgeni siku ya kwanza ikabaki ileile: mama anapaka nyonyo, anapasua, anatabasamu. Wiki ya tatu vibarua wawili wapya wakaja ofisini ngozi ya vidole imebabuka, meusimeusi, kama walioshika kaa la moto. Mafuta ya ganda la korosho hayana mzaha. Nikawauliza glavu ziko wapi. Wakatazamana. "Glavu zipi?"

Zilikuwa stoo, boksi halijafunguliwa. Sera ilikuwa sahihi, mafunzo yalifanyika, saini za wale wawili zilikuwepo. Kilichokosekana ni uzi wa kufunga vitu hivyo vitatu. Somo hili ni la kuusokota uzi huo.

Kabla hujaanza: usinunue programu yoyote. Hatua tatu za kwanza ni kazi ya karatasi na Excel, na ukizikosea hakuna mfumo utakaokuokoa.

Hatua ya 1: Rejista ya sera

Fungua jedwali moja. Kila sera ipate msimbo usiobadilika maisha yake yote, mfano USL-04 kwa vifaa vya kujikinga, MAN-01 kwa manunuzi. Safu zake: msimbo, jina, namba ya toleo, tarehe ya kuanza kutumika, mwenye sera (cheo, siyo jina la mtu, watu wanahama), na mahali faili lilipo. Safu inayosahaulika zaidi ni toleo. Usiandike "mpya" wala "ya mwisho". Nimewahi kukuta kwenye kompyuta moja mafaili matatu: "sera usalama mpya", "sera usalama mpya kabisa" na "sera usalama HII NDIYO". Lililokuwa likitumika lilikuwa la nne, kwenye flashi ya mtu aliyekuwa likizo. Andika 3.0, 3.1, 4.0.

Hatua ya 2: Namba ya mtu

Usiunganishe kwa majina. Ukanda wetu huu una akina Mohamedi Hamisi na Hamisi Mohamedi wa kujaza basi la Dar, na mmoja huyohuyo kwenye kitambulisho ni Muhamedi, kwenye mishahara Mohamed, kwenye daftari la getini Mudi. Tumia namba ya mfanyakazi, ileile ya kwenye mishahara, na ifanane kila mahali mpaka sifuri za mbele. Excel hupenda kuzila sifuri hizo: 00417 inakuwa 417, na mfumo unamwona mtu mwingine. Iweke safu hiyo kama maandishi, siyo tarakimu.

Kibarua wa msimu akirudi Oktoba, arudi na namba yake ya mwaka jana. Ukimpa mpya, historia yake ya mafunzo umeizika.

Hatua ya 3: Nani anahusika na nini

Jedwali la pili: vyeo kushuka chini, sera kwenda pembeni, alama ya X panapohusika. Mpasuaji hahitaji sera ya manunuzi, karani wa kununua anaihitaji sana. Ukimlundikia kila mtu kila sera, atasaini zote bila kusoma hata moja, na wala simlaumu.

Hatua ya 4: Geuza sera kuwa somo

Sasa ndiyo tuguse mfumo wa mafunzo. Nitatumia Moodle kwa sababu ni ya bure na imekuwepo tangu 2002, lakini mantiki ni hiyohiyo kwa mifumo mingine.

Kila sera iwe na kozi yake. Kwenye mipangilio ya kozi kuna sehemu ya namba ya utambulisho, wengi huiacha wazi. Hapo ndipo pa kuandika msimbo na toleo: USL-04/4.0. Kwa mtumiaji pia kuna sehemu kama hiyo, weka namba ya mfanyakazi. Ukijaza sehemu hizi mbili vizuri, nusu ya kuunganisha umeimaliza.

Ndani ya kozi usibandike sera nzima ukaita mafunzo. Sera yetu ya manunuzi ilikuwa kurasa 11 za lugha ya mwanasheria. Karani anachohitaji kujua ni afanye nini jirani yake akimfuata. Kwa hiyo swali la jaribio lisiwe "Sera ya manunuzi ilianza lini?" Liwe hivi: "Jirani anakuomba hela leo za ada ya mtoto, atakulipa korosho msimu ukifunguliwa, kwa bei ya bakuli. Utafanyaje?" Kila aliyekulia Kusini anajua hapo inazungumzwa kangomba, ule ununuzi haramu wa korosho kwa bakuli nje ya mfumo rasmi. Maswali matano ya namna hiyo yanatosha. Sera nzima iweke kama kiambatisho cha anayetaka kusoma, na masharti ya kumaliza kozi yawe mawili: amefungua somo, na amefaulu jaribio.

Hatua ya 5: Unganisha

Njia ni mbili, na nawashauri muanze na ile ya kishamba.

Ya kishamba ni faili la CSV, yaani jedwali la Excel lililohifadhiwa kama maandishi matupu yanayotenganishwa kwa koma. Kila Jumatatu unatoa orodha ya wafanyakazi, unaongeza safu ya kundi kwa kufuata jedwali la hatua ya 3, unaipandisha Moodle. Safu hiyo iitwe cohort1, kwa herufi hizohizo, na mfumo utamwingiza kila mtu kundini mwake. Kozi ukishaifunga na kundi, mtu akiingia kundini anasajiliwa kwenye kozi bila wewe kugusa kitu. Dakika 20, umemaliza. Moodle itakudai barua pepe ya kila mtu, na wapasuaji wengi hawana. Kuna mpangilio unaoruhusu akaunti nyingi kutumia anwani moja, uwashe, utumie ya ofisi.

Ya pili ni programu mbili kuongea zenyewe: mfumo wa sera unatoa taarifa toleo jipya likiidhinishwa, wa mafunzo unaipokea kwa tokeni ya siri (kama nywila ya programu kwa programu) na kufungua usajili. Ni nzuri ukiwa na mtu wa kuitunza. Huna mtu, siku itakayokatika utakuja kujua baada ya miezi mitatu. CSV ikikatika unajua siku hiyohiyo, kwa sababu aliyesahau ni wewe.

Hatua ya 6: Toleo likibadilika

Hapa ndipo sisi tulipoangukia, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Mwenye sera anapoleta badiliko, mwulize swali moja tu: kuna mtu kesho atafanya kazi tofauti na leo? Kama hapana (mmerekebisha tahajia, mmebadili cheo cha msimamizi) hilo ni 3.0 kwenda 3.1, taarifa ubaoni inatosha. Kama ndiyo, ni 4.0, na kila mwenye X kwenye jedwali anasoma upya. Na mwiko wetu sasa ni huu: 4.0 haisainiwi mpaka somo lake liwe tayari. Meneja alilalamika kwamba namchelewesha. Nikamkumbusha vidole.

Usihariri kozi ya zamani kuwa mpya. Ifunge, ibaki kama ilivyo, fungua nyingine yenye namba ya toleo jipya. Nilijifunza kwa gharama. Nilitaka kubadili sharti la kumaliza kozi ambayo watu walishaimaliza, Moodle ikaniambia masharti yamefungwa, nikabonyeza kitufe cha kuyafungua bila kusoma onyo lililo pembeni yake. Onyo lilisema rekodi za waliomaliza zitafutwa. Zikafutwa. Chumba kizima cha kuchambua madaraja, saa nne asubuhi, kimerudi sifuri. Kwa bahati nilikuwa na ripoti ya Ijumaa kwenye flashi.

Hatua ya 7: Ripoti

Safu tano: namba ya mtu, msimbo, toleo, tarehe, alama. Itoe kila mwezi, ihifadhi nje ya mfumo.

Mnaodhani hii ni kazi ya kujifurahisha, someni Tangazo la Serikali Na. 42 la 2007, Kanuni za Utendaji Bora chini ya Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini. Kanuni ya 12 inataka anayeamua kama kuachishwa kazi kwa utovu wa nidhamu ni halali aangalie, pamoja na mengine, kama mfanyakazi aliijua kanuni aliyoivunja au ilitarajiwa aijue. Ukifika mbele ya Tume ya Usuluhishi na Uamuzi na saini ya 2019 kwa sera iliyobadilika 2023, umemsaidia mwenzako kesi.

MASWALI YA WANACHAMA

Katibu wa AMCOS (chama cha msingi cha ushirika cha wakulima), Nachingwea: Mkuu shukrani. Sisi wafanyakazi tisa tu, mtunza ghala, karani wa mizani, walinzi na wengine. Moodle ya nini?

Jibu: Msijisumbue nayo, katibu. Fanyeni hatua ya 1 hadi 3 kwenye daftari kubwa la mistari, ukurasa mmoja kwa kila sera, namba ya toleo juu kabisa. Toleo likibadilika mnafungua ukurasa mpya, mnakaa nusu saa chini ya mwembe mnaelezana, kila mtu anasaini na tarehe. Hiyo nayo ni kuunganisha. Anza na sera ya mizani, ndiyo inayowagombanisha na wakulima.

Msimamizi wa zamu, Masasi: Mwalimu, wapasuaji wangu wengi wana simu za vitochi, na wengine kusoma ni shida. Hilo jaribio watafanyaje?

Jibu: Dada yangu, usiwape jaribio la kuandika. Waite sita sita, waonyeshe video, eleza kwa Kiswahili na kwa Kimakonde kwa wanaokielewa zaidi, kisha kila mmoja akuonyeshe kwa mikono: vaa glavu, kagua kama zimetoboka, zivue bila kugusa upande wenye mafuta. Wewe ndiye unayeweka alama kwenye mfumo kwa namba yake. Kwa kazi za mikono nayaamini majaribio hayo kuliko ya kubonyeza a, b, c.

Mhasibu, Lindi mjini: Kwetu watu 14 walimaliza jaribio ndani ya dakika 6, wote asilimia 100. Niwapongeze?

Jibu: Hahaha, mpongeze mmoja, ndiye aliyewafanyia wenzake. Fungua kumbukumbu za mfumo uangalie muda na anwani ya mtandao (IP), huenda ukakuta ni moja. Usianze na adhabu. Uliza kwanza kama walipewa muda wa kazi kulifanya, au waliambiwa wakafanye nyumbani kwa bando lao. Mara nyingi jibu liko hapo. Kisha weka maswali 15 kwenye hifadhi, mfumo umchagulie kila mtu matano tofauti.

Mtu wa TEHAMA, Mtwara: Nimemhamisha mtu kutoka kundi la kupasua kwenda kundi la madaraja, alama zake za USL-04 zimepotea kozini. Ni kasoro ya mfumo?

Jibu: Ni mpangilio, mkuu. Usajili wa kozi kwa kundi, usipougusa, humwondoa kabisa kwenye kozi mtu anayetoka kundini. Nenda kwenye mipangilio ya programu-jalizi (kipande cha Moodle) inayosimamia usajili huo, chagua usajili usimamishwe badala ya kufutwa. Kwa huyo wa sasa, mrudishe kwenye kundi la zamani uangalie kama alama zinarejea, na usimtoe tena kabla hujabadili mpangilio.

Ofisa utumishi, Kilwa: Vipi kuhusu sheria ya taarifa binafsi? Meneja anataka alama za kila mtu zibandikwe ubaoni "ili waone aibu wasome".

Jibu: Mkatalie kwa heshima. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inataka taarifa zitumike kwa lengo zilizokusanyiwa, na mliwaambia wafanyakazi lengo ni usalama, hamkusema aibu. Taasisi inayokusanya taarifa za watu inapaswa pia kusajiliwa kwenye Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, kwa hiyo mulika na hapo. Ubaoni bandika idadi tu: kitengo cha kupasua 31 kati ya 40.

Msimamizi wa zamu, Masasi: Naongezea, mwalimu. Kuna mama mmoja mtu mzima amegoma kusaini, anasema akisaini atakatwa mshahara. Nifanyeje?

Jibu: Usimlazimishe. Kaa naye, mweleze kwamba saini inasema "nimeelezwa", haisemi "nimekubali kukatwa", na umsomee sentensi yenyewe kwa sauti. Kama sentensi yenu inasema vingine, ana haki ya kugoma, ibadilisheni. Akiendelea kukataa, andika kwamba ameelezwa tarehe fulani, shahidi asaini, na glavu apewe palepale.