Kupiga harmonika za sauti ya chini: mdomo upanuke, pumzi ipungue

Harmonika (vinanda vidogo vya kupuliza na kuvuta kwa mdomo) za kawaida za matundu 10 huanzia ufunguo wa G, ambao ndio mzito kuliko zote, na kupanda hadi F#. Chini ya G kuna familia nyingine: F ya chini, E ya chini, D ya chini, C ya chini, hata F iliyoshushwa oktava mbili. Puliza tundu la 1 la F ya kawaida, utapata mitetemo kama 349 kwa sekunde. Kwenye F ya chini ni 175 hivi, D ya chini 147, na C ya chini 131. Ni kama kumtoa mwimbaji wa soprano kwenye safu na kumweka wa besi mahali pake.

Ili kilimi cha chuma kilicho ndani kitetemeke polepole kiasi hicho, watengenezaji hukiongezea uzito kwenye ncha. Hapo ndipo tabia zote za harmonika hizi zinapoanzia. Kilimi kizito huchelewa kuamka, hupepea kwa upana mkubwa, na hukwama kikishtuliwa.

Ukivuta tundu la 2 ukasikia hewa tupu au mkwaruzo, usidhani harmonika ni mbovu. Mara nyingi umevuta kwa nguvu mno, na mdomo ni mwembamba. Shusha taya, laza ulimi chini, fungua koo kama unayeanza kupiga mwayo, kisha vuta kidogo sana, kama unayepumua usingizini. Shikilia noti kwa sekunde 8 bila kuiongezea nguvu. Ikikaa imara, ndipo uiongeze pumzi taratibu. Na kwa kuwa sauti huchelewa, anza kuvuta kabla kidogo ya pigo lenyewe, la sivyo utasikika unaburuzwa na ngoma.

Asiyezoea asianze na C ya chini. Chukua G, kisha F ya chini, ambayo iko toni moja tu chini yake, halafu ndiyo D. Kila unaposhuka mdomo hudai nafasi zaidi, na nafasi hiyo hujifunzwa kwa hatua.

Kazi kubwa iko kwenye kupinda noti, yaani kuibadili sauti ya tundu kwa umbo la ulimi na kinywa. Waliokulia kwenye kwaya za sol-fa wataelewa upesi: matundu manne ya kwanza yakipulizwa hutoa do, mi, so, do, yakivutwa hutoa re, so, ti, re. Fa na la za oktava ya chini hazipo. Fa hupatikana kwa kuvuta tundu la 2 na kuishusha so toni nzima. La hupatikana kwa kuvuta tundu la 3 na kuishusha ti toni nzima. Kwenye harmonika ya C wengi hupinda kwa kusogeza ulimi kutoka umbo la “i” kwenda “u”. Kwenye F ya chini umbo hilo halitoshi. Nenda kutoka “i” hadi “o”, shina la ulimi likirudi nyuma na kushuka, kwa sababu noti nzito huitikia uwazi mkubwa zaidi kinywani. Isogeze polepole, na usiongeze pumzi; ukivuta kwa nguvu ili noti ishuke, kilimi kitakwama.

Upande wa juu kuna zawadi. Matundu ya 8, 9 na 10, ambayo kwenye F ya kawaida hutoboa masikio na kukataa kupindwa, hapa yameshuka oktava nzima na hupindika kwa kupuliza bila mapambano.

Kuhusu rangi ya sauti: noti moja moja ni pana na yenye joto, karibu na akodioni. Lakini ukipuliza tundu la 1, 2 na 3 pamoja kwenye C ya chini, utapata uji. Sauti za besi zikisongamana sikio halizitenganishi. Ziba matundu ya 2 na 3 kwa ulimi upulize la 1 na la 4, upate do mbili zilizoachana oktava. Ni nene na bado ni safi. Kwa bluzi za Kimarekani, ambako so huwa ndiyo nyumbani, yaani noti ambapo wimbo hutulia, F ya chini hupiga wimbo wa C, D ya chini wa A, na C ya chini wa G.

Mlio wa bati kugongwa ni kilimi cha kuvuta kinachopiga kifuniko cha chini. Punguza pumzi kwanza. Usipokoma, fungua skrubu uweke washa (kipete chembamba) chini ya kifuniko, au ukitanue kwa kidole gumba kutoka ndani. Thunderbird, harmonika ya sauti ya chini ya kampuni ya Hohner, ilitatua tatizo hili kiwandani: kifuniko chake cha chini kimepanuliwa upande wa noti nzito.

Kilimi kinachokwama hata kwa pumzi laini, angalia pengo kati ya ncha yake na bamba la chuma linaloshika vilimi. Anza na pengo linalolingana na unene wa kilimi, na vile vizito uvipe zaidi kidogo. Kilimi cha kuvuta kiinue kwa kijiti cha meno. Cha kupuliza kisukume kwa kupitia upenyo wake kutoka nje. Sogeza kidogo, jaribu, rudia. Pengo likizidi, hewa huvuja na noti huchelewa zaidi.

Kwenye maikrofoni, kaa sentimita 10 hivi mbali, maana ukiikumbatia besi hufura. Kwa F ya chini kata kila kilicho chini ya 120 Hz (mitetemo 120 kwa sekunde): noti yako ya chini kabisa iko 175, na huko chini kuna vishindo vya mikono na pumzi tu.