Jinsi ya kuiokoa injini ya mvuke iliyoegeshwa nje isiliwe na kutu

Mwongozo huu ni wa kikundi cha wanaojitolea kilichokabidhiwa injini ya mvuke isiyokusudiwa kuwashwa tena. Mfano wetu ni Garratt (injini ndefu yenye boila katikati, na tangi na magurudumu mbele na nyuma yake) za daraja la 59 za Shirika la Reli la Afrika Mashariki. Zilikuwa 34, zikaundwa na Beyer, Peacock huko Manchester mwaka 1955 na 1956, kila moja ikapewa jina la mlima. Mbili, Mount Gelai (5918) na Mount Shengena (5930), zimehifadhiwa katika makumbusho ya reli jijini Nairobi. Hatua hizi zinafaa pia kwa injini ndogo.

Kabla ya spana: asbesto

Chini ya mabati yanayoizunguka boila kuna kizuia-joto, na katika injini za zamani mara nyingi ni asbesto. Huwezi kuitambua kwa macho. Usifungue bati hata moja mpaka kipande kipimwe maabara, na kikithibitishwa, kazi hiyo ni ya wakandarasi wenye leseni. Barakoa ya kitambaa haizuii nyuzi zake.

Rangi ya zamani nayo ichukulie kuwa ina risasi. Ikwangue ikiwa imeloweshwa, usiipige msasa mkavu, na nguo za kazi zisiende nyumbani kwa watoto.

Weka kabari za mbao ngumu mbele na nyuma ya magurudumu. Breki ya mkono usiitegemee. Tangi lililofungwa miaka mingi huweza kukosa hewa, kwa sababu kutu yenyewe hula oksijeni. Fungua vifuniko vyote, ingiza hewa kwa feni, na mtu mmoja abaki nje muda wote mwenzake akiwa ndani.

Hatua ya 1: Toa maji, kisha uyazuie yasirudi

Wengi huanza na rangi kwa sababu ndiyo inayoonekana. Ni kosa, kwani injini huoza kutoka ndani. Fungua plagi za kuoshea boila na vifuniko vya matope, utoe magamba na tope lote. Kwenye Garratt kumbuka matangi yote, la mbele na la nyuma. Koki za chini ya silinda ziache wazi daima.

Dohani ifunikwe kwa bati lililoinuliwa kama milimita 50 juu ya mdomo wake, hewa ipite lakini mvua isiingie. Usifunge injini kwa nailoni wala turubai lililobana. Usiku wa baridi wa Julai chuma hupoa sana. Asubuhi hewa yenye unyevu hukigusa na kuacha umande, na umande uliofungiwa haukauki.

Hatua ya 2: Sanduku la moshi

Hiki ni chumba cha mbele ya boila, chini ya dohani, na hapa ndipo injini nyingi hutoboka. Daraja la 59 lilichoma mafuta mazito, na masizi yake yana salfa; yakilowa huwa asidi inayokula sakafu ya sanduku.

Kwangua masizi yote kwa kikwanguo cha plastiki, hasa kwenye kona na kuzunguka vichwa vya ribiti. Osha kwa soda ya kufulia, gramu 50 kwa lita moja ya maji, kisha suuza. Weka karatasi ya litmasi ya bluu kwenye chuma kilicholowa: ikigeuka nyekundu, rudia. Usitumie magadi ghafi, kwani huweza kuwa na chumvi, na chumvi huharakisha kutu. Anza asubuhi ya jua ili sanduku likauke siku hiyohiyo, halafu paka mafuta mazito ya mashine, si yale ya kuchomwa.

Hatua ya 3: Kutu ya nje

Gonga polepole kwa nyundo ya gramu 250. Chuma kizima hulia. Kilichooza hutoa sauti butu. Weka alama ya chaki palipooza, piga picha, na usigonge tena hapo.

Safisha grisi kwanza, ndipo utumie brashi ya waya. Ukianza na brashi utaisugua grisi ndani ya vitundu vya chuma, na rangi itabanduka. Injini iliyokaa pwani ioshwe kwanza kwa maji baridi yasiyo na chumvi, la sivyo rangi mpya itafura malengelenge.

Kabla ya kuondoa rangi ya zamani, kwangua dirisha dogo hatua kwa hatua, kila tabaka likionekana upana wa sentimita 2, na upige picha. Ukishafuta tabaka hizo, ushahidi wa rangi halisi umekwisha.

Hatua ya 4: Rangi

Chuma kilichosafishwa kipate praima ndani ya saa nne. Tumia praima ya zinki fosfeti. Kwa brashi, tangulia kupaka kingo, ribiti na viungio peke yake, kwa kuwa rangi hukimbia ncha kali na kutu huanzia hapo. Kisha paka sehemu yote mara mbili, ndipo rangi ya kati na ya juu. Unyevu wa hewa ukizidi asilimia 85, ahirisha.

Vyuma vinavyounganisha magurudumu, pamoja na fito za pistoni, visipakwe rangi ya fedha. Rangi hiyo huficha nyufa na namba zilizogongwa na mafundi. Vifute kwa mafuta ya taa, vikauke, kisha paka grisi au nta.

Usikubali injini isukumwe, hata mita moja kwa ajili ya picha, kabla ya kutia mafuta ndani ya silinda na kwenye boksi za ekseli. Pistoni kavu huchimba silinda, na alama hiyo haifutiki.

Ukaguzi

Fanya mmoja mapema Machi na mwingine mapema Oktoba, kabla ya misimu ya mvua. Ingiza waya kwenye kila tundu la kutolea maji. Ndege na nyigu huyaziba. Siku moja baada ya mvua kubwa ya kwanza, pita tena na tochi na utazame chini ya sanduku la moshi na kwenye kona za matangi.