Somo: Kupiga (kusakinisha) FreeDOS kwenye kompyuta ya zamani (soma kabla hujanipigia simu)

Wiki hii peke yake nimeulizwa mara nne: "Fundi, ile programu yetu ya skrini nyeusi inahamishika?" Inahamishika. Naandika mara moja. Atakayeuliza tena namtumia huku.

Nazungumza na wenye maduka ya nyavu na vipuri vya injini za boti, Kirumba na Mwaloni hapa Mwanza, ambao leja yao ipo kwenye DOS, ule mfumo wa zamani wa kuandika amri kwenye skrini nyeusi, miaka nenda rudi na bado inahesabu sawasawa. Msiseme DOS ilikufa. Microsoft walipoonyesha kuitupa MS-DOS, yaani DOS yao, Jim Hall, mwanafunzi wa fizikia huko Marekani, alitangaza mwaka 1994 kwamba wataandika ya kwao, ya bure, ndiyo hii FreeDOS. Pat Villani akachangia kiini chake (kernel). Toleo la 1.0 lilitoka 2006, miaka kumi na miwili baadaye, na 1.4 limetoka Aprili 2025. Watu wa kujitolea, hakuna mshahara.

Hatua ya 1. Nakili folda nzima ya programu NA leja, kwenye flashi mbili.

Hatua ya 2. Pakua FreeDOS 1.4 ya USB iliyo kamili, iandike kwenye flashi ya tatu kwa Rufus, programu ya kutengeneza flashi ya kuwashia mashine.

Hatua ya 3. Ingia BIOS (mipangilio ya mashine kabla mfumo haujawaka), weka Legacy au CSM, yaani uwashaji wa kizamani. Kama chaguo hilo halipo, ruka hadi kwenye maswali.

Hatua ya 4. Kugawa diski. Hapa kaa chini, weka chai pembeni.

Kwenye Windows umezoea C ni diski ya ndani na flashi inapata herufi ya mbele huko. Ukiwasha mashine kwa flashi, BIOS inaihesabu flashi kuwa diski ya kwanza. Kwa hiyo flashi ndiyo C, na diski yako ya ndani inakuwa D. Mimi sikulijua hilo. Kwa mama mmoja muuza nyavu nilitaka "kuisafisha flashi" kwanza, nikaingia FDISK, programu ya kugawa diski, nikafuta D, nikabonyeza Y kifua mbele. Ilikuwa diski yake. Programu nilikuwa na nakala, leja sikuwa nayo. Tulikaa siku tatu, yeye anasoma wadaiwa kwenye madaftari yenye harufu ya dagaa, mimi nachapa. Hakunilipa. Ningekuwa yeye, nisingenilipa pia.

Basi: usiangalie herufi, angalia ukubwa. Chaguo la 4 la FDISK linaonyesha MB. Flashi ya GB 8 na diski ya GB 80 hazifanani hata gizani. Kama mashine ina diski mbili, chomoa waya wa ile isiyohusika. Na kama umeme wa mtaani kwenu unachezacheza, usianze bila UPS.

Hatua ya 5. Fomati, maliza kupiga, chomoa flashi, washa upya.

Hatua ya 6. Rudisha folda yako. Programu ikilalamika kwamba mafaili yaliyofunguliwa ni mengi, ongeza namba ya FILES kwenye FDCONFIG.SYS, faili la mipangilio ya FreeDOS. Ukihariri CONFIG.SYS huku FDCONFIG.SYS ipo, unajichosha. Inasomwa FDCONFIG.SYS.

MASWALI

Mdau wa Igoma: Mkuu nimefuata hatua zote, flashi haiwaki.

Jibu: Zote? Uliiandika kwa Rufus au ulikopi faili kama wimbo?

Mdau wa Igoma: Nilikopi.

Jibu: Hatua ya 2.

Mdau wa Nera: Si uwahamishie Excel tu yaishe? Mambo ya kizee haya.

Jibu: Karibu uhamishe wewe, bei mtaelewana. Mimi naitwa kuirudisha leja, siitwi kumfundisha mzee wa miaka sabini kazi upya.

Mdau wa Sengerema: Fundi habari za kazi. Laptopu yangu mpya haina Legacy kabisa. Ndiyo mwisho wa DOS?

Jibu: Swali zuri, na ndilo linaloninyima usingizi. FreeDOS inategemea huduma za BIOS ya zamani kusoma diski na kibodi. Mashine mpya zina UEFI tupu, mrithi wa BIOS; Intel walishasema tangu 2017 kwamba CSM inaondoka. Kwa hiyo DOS haitakufa kwa kukosa waandishi, itakufa kwa kukosa mazabodi (motherboard) za kuiwasha. Kwako weka DOSBox-X, au FreeDOS ndani ya QEMU, programu zinazoigiza kompyuta ya zamani ndani ya mpya. Naona ndiko wote tutakakoishia. Ila mwenye mashine yenye Legacy na tundu la printa la LPT asiiuze chuma chakavu: ule waya wa USB wa kugeuza kuwa LPT hauonekani kwenye DOS, na printa ya utepe itabaki bubu.

Mdau wa Nansio: Shikamoo. Marehemu baba alijiandikia programu ya mizigo kwa Turbo Pascal. Kwenye mashine nyingine inaandika "Runtime error 200". Alikosea wapi?

Jibu: Marahaba, dada. Baba hakukosea. Programu ya Turbo Pascal (lugha ya kuandikia programu) inayotumia sehemu yake iitwayo CRT, ikianza hupima kasi ya mashine: inahesabu mizunguko ndani ya milisekunde 55, kisha inagawanya kwa 55. Mashine ikiwa na kasi sana, jibu halienei kwenye nafasi ya biti 16, prosesa inapiga kelele kama umegawanya kwa sifuri. Endesha kwenye DOSBox, punguza kasi kwa Ctrl na F11. Msimbo wake ukiupata, tutaujenga upya bila hitilafu hiyo, sitakutoza. Utunze hata kama ni kwenye karatasi.

Mdau wa Buzuruga: Yangu kila asubuhi inasema ni 1980.

Jibu: Betri ya CR2032. Badilisha leo, risiti zako zote zina tarehe ya uongo.

Mdau wa Igoma: Imewaka mkuu! Inaniuliza kuhusu D, nibonyeze Y?

Jibu: Toa mkono kwenye kibodi. Inasomeka MB ngapi?