Jinsi ya Kukagua Mahame ya Engaruka kwa Miguu: Mwongozo kwa Wanaojitolea

Chini ya ukingo wa Bonde la Ufa, katika Wilaya ya Monduli mkoani Arusha, yapo mashamba ya kale yaliyogawanywa kwa mistari ya mawe, ambayo zamani yalinyweshwa kwa mifereji iliyochepushwa kutoka Mto Engaruka na vijito jirani. Wakulima waliokaa hapo kati ya karne ya 15 na ya 18 hivi walijenga nyumba zao kwenye vitako vya mawe mlimani na kulima tambarare iliyo chini yake. Wanaakiolojia wamefika hapo: Louis Leakey mwaka 1935, kisha Hamo Sassoon akachimba katika miaka ya 1960, na watafiti wengine wamefuata. Hata hivyo mashamba hayo yanaenea takriban kilomita za mraba 20, na eneo la ukubwa huo linahitaji macho mengi na miguu mingi. Hapo ndipo anayejitolea anapokuwa na kazi ya maana.

Jambo la kwanza ni kibali. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 hairuhusu mtu kutafuta mabaki ya kale bila leseni, kwa hiyo jiunge na kikundi kinachoongozwa na mtaalamu aliyeidhinishwa. Kisha mjitambulishe kwa mwenyekiti na mtendaji wa kijiji, na mwaombe wazee wa Kimaasai wawaeleze ni wapi pasipokanyagwa. Mchunga ng'ombe anayepita huko kila siku anajua mistari ya mawe ambayo ramani haina. Msikilizeni kabla ya kufungua vifaa.

Nendeni mwishoni mwa kiangazi, kabla ya mvua za vuli, wakati nyasi zimeliwa na mifugo na ardhi inaonekana. Jipangeni mstari mmoja, mtu na mwenzake wakiachana mita 10, mwende polepole kuelekea upande mmoja kwa dira, na mtu yeyote akiona kigae, yaani kipande cha chungu cha kale, mstari wote usimame hadi kiandikwe. Asubuhi na jioni ndizo saa nzuri kuliko zote, kwa sababu jua likiwa chini, ukuta ulioinuka kiganja kimoja tu hutupa kivuli ambacho saa sita mchana hakipo.

Kazi inayotaka subira zaidi ni kutofautisha mfereji na njia ya ng'ombe, maana vyote viwili huonekana kama mfuo mrefu ardhini. Njia ya ng'ombe hupanda na kushuka bila kujali mwinamo, nayo huchanika vijia vingi inapokaribia maji. Mfereji hauwezi kupanda: hukata mteremko kwa mwinamo mdogo sana, mara nyingi ukiwa na mawe yaliyopangwa upande wa chini, na tope laini lililoganda ndani yake. Usitegemee jicho peke yake, kwani mlima ulio mbele hudanganya. Vuteni uzi wenye pimamaji, kama afanyavyo fundi mwashi, mpime kila baada ya mita 20, na muandike vipimo vyote, hata vile vinavyopingana na matumaini yenu.

Marundo ya mawe yaliyomo mashambani yaacheni jinsi yalivyo. Mengi huenda ni mawe yaliyokusanywa wakati wa kusafisha shamba, lakini rundo linaweza kuwa kaburi, na si kazi ya anayejitolea kulibomoa ili ajue. Pimeni upana na kimo, pigeni picha yenye kipimo na mshale wa kaskazini, andikeni usomaji wa GPS, kisha mwendelee.

Vigae navyo vibaki chini. Kigae kilichotiwa mfukoni hakiwezi tena kusema kilikuwa karibu na mfereji upi, na kwangu huo ni uharibifu hata kama aliyekichukua alikuwa na nia njema. Mahali palipopitiwa bila kuonekana kitu pajaziwe fomu vilevile, kwa kuwa fomu tupu humwonyesha mtafiti tofauti kati ya eneo lisilo na mabaki na eneo ambalo hakuna aliyelikanyaga.

Kila jioni, kabla ya kula, linganisheni fomu na picha mkiwa bado mnakumbuka, na atakayenakili awe mtu tofauti na aliyeandika. Kazi ikiisha, nakala moja ya ramani ipelekwe kwa mamlaka ya mambo ya kale kupitia kiongozi wenu, na nyingine ibaki katika ofisi ya kijiji, ambako itahitajika siku mtu atakapoomba kiwanja au kutaka kuchimba mfereji mpya.