Corolla AE91: kutoa kabureta na kufunga EFI nyumbani

Injini ya 5A-F iliyomo kwenye Corolla AE91 ni ngumu, haifi ovyo. Kinachowachosha wenye magari haya ni kabureta. Mipira ya vakyumu inapasuka kwa joto, choki inakwama, na gari lililosetiwa Tanga likipanda Mbeya au Nairobi linatoa moshi mweusi na kunywa mafuta. Kwenye mita 1,700 juu ya usawa wa bahari hewa ni nyepesi kwa karibu asilimia 15, ila kabureta haijui hilo, inaendelea kumwaga petroli kama iko pwani. EFI (mfumo wa injekta zinazoongozwa na kompyuta) inapima hewa kwanza, kisha inatoa mafuta ya kuitosha hewa hiyo.

Huna haja ya kubuni kitu. Toyota walitengeneza 5A-FE, yenye cc 1,498 zilezile (silinda milimita 78.7, mwendo wa pistoni milimita 77), wakaifunga kwenye Corolla za EFI za umbo lilelile na kwenye AE100 zilizojaa mitaani kwetu. Unahamisha tu mfumo wa ndugu yake. Mwenye 4A-F ya cc 1,587 afuate hatua hizihizi kwa vifaa vya 4A-FE.

Kazi nyingi za namna hii zinakufa sehemu mbili: mafuta yasiyo na presha ya kutosha, na nyaya zilizoungwa kwa kubahatisha. Manifoldi na injekta unazifunga mchana mmoja. Siku zilizobaki ziwekee tenki na umeme.

Vitu vya kununua

Nunua vyote kutoka gari moja linalochinjwa, siku hiyohiyo. Kontroli boksi (kompyuta ya injini) ya gari moja na sensa za gari jingine zitakupa tatizo ambalo hata fundi mzuri atalitafuta wiki nzima. Gari lako likiwa la gia za mkono, chukua kontroli boksi ya gia za mkono. Ya otomatiki inasubiri taarifa za gia ambazo wewe huna.

- manifoldi ya hewa, throtoli bodi pamoja na vali yake ya sailensa (mzunguko wa injini bila kukanyaga mafuta), na sensa ya throtoli
- reli ya mafuta, injekta 4 na regyuleta ya presha
- distributa ya FE, koili na igniter yake (kifaa kinachoikatia koili umeme ili itoe cheche)
- kontroli boksi na mkanda wote wa nyaya, kuanzia plagi za kontroli boksi hadi plagi ya mwisho ya injekta
- sensa ya vakyumu, sensa ya joto la maji na sensa ya joto la hewa
- relei kuu ya EFI, relei ya pampu, na kile kiboksi cheusi cha uchunguzi kilichomo kwenye boneti
- manifoldi ya ekzosi au bomba la mbele lenye sensa ya oksijeni
- tenki la gari la EFI likiwa na pampu yake ndani, na filta ya chuma
- boksi la filta ya hewa na mpira wake mkubwa

Mkanda wa nyaya uangalie kwa macho yako kabla ya kulipa. Wachinjaji wengine hukata nyaya kwa kisu ili injini itoke haraka. Ukiona hata plagi moja imekatwa, achana nao utafute mwingine. Kuunga nyaya 40 zenye rangi zinazofanana si kazi ya kujitakia.

Hedi: pima kabla hujafunga chochote

FE za mwanzo zilikalisha injekta kwenye hedi. Za baadaye zilizihamishia kwenye manifoldi. Hedi ya kabureta yaweza isiwe na vitundu vya injekta. Toa kabureta na manifoldi yake, kisha weka gasketi ya manifoldi ya FE juu ya hedi yako. Matundu ya boliti yakae sawasawa, na njia za hewa zisifunikwe na ukingo wa gasketi. Manifoldi ikiwa na vikalio vya injekta yenyewe na matundu yakilingana, endelea.

Yasipolingana, nunua hedi ya FE kamili na uifunge juu ya bloku yako. Usichonge hedi ya zamani kwa drili. Chuma cha hapo ni chembamba na nyuma yake kuna maji. Hedi ya mtumba ipimwe kwa rula ya chuma iliyonyooka na fila geji: upande unaokaa kwenye bloku, milimita 0.05 isipite. Ikipita, ipelekwe kusagwa. Na kwa kuwa umeshafika huko, weka belti ya taimingi mpya.

Pampu ya mafuta ya zamani, ile inayosukumwa na kemu, itoke. Tundu lake lizibe kwa kibati cha alumini cha milimita 5 na gasketi, la sivyo oili itamwagika. FE za zamani zina injekta ya tano ya kuwashia asubuhi. Ichukue na plagi yake, au tundu lake ulizibe vizuri.

Mafuta

Kabureta inaridhika na presha ndogo mno. Injekta za Toyota hii zinataka kati ya 2.7 na 3.1 kg/cm² mpira wa vakyumu wa regyuleta ukiwa umechomolewa. Ukiurudisha injini ikiwa sailensa, presha inashuka hadi kati ya 2.1 na 2.6. Mipira ya kabureta haikuumbwa kwa mzigo huo. Nunua mpira ulioandikwa J30R9, wa milimita 8, na klempu laini za EFI zisizo na meno. Zile za meno zinakata mpira taratibu, na siku utakapopasuka petroli itarukia ekzosi.

Tenki ndilo watu wanalotaka kulikwepa, na hapo ndipo wanapoharibu. Tenki la kabureta kwa kawaida halina kuta za ndani za kuzuia mafuta yasikimbie. Likibaki robo, ukikata kona au ukipanda mlima pampu inavuta hewa. Kabureta ilikuwa na akiba kwenye bakuli lake, injekta hazina akiba. Tenki la gari la EFI lenye umbo la gari lako linamaliza tatizo lote. Ukilikosa, tumia njia ya pili: pampu ndogo ya presha ya chini ivute kutoka tenki la zamani, ijaze kitenki cha lita 1 hadi 1.5 kwenye boneti mbali na ekzosi, na pampu ya EFI ivute kutoka chini ya kitenki hicho. Mafuta ya kurudi kutoka kwenye reli yaingie kitenkini, na ziada ya kitenki irudi tenki kubwa.

Tenki la petroli lisichomelewe wala kutobolewa kwa drili ya umeme, hata likiwa tupu, hata likiwa limekaa juani siku tatu. Mvuke uliobaki ndani unalipuka kuliko petroli yenyewe. Hili halina mjadala.

Mpangilio ni huu: tenki, pampu, filta ya chuma, reli, regyuleta, kisha bomba la kurudi tenki. AE91 nyingi za kabureta tayari zina bomba jembamba la kurudi. Lipulize kwa upepo kuhakikisha halijaziba, maana likiziba presha inapanda na gari linatoa moshi mweusi bila sababu inayoonekana. Kila boliti yenye tundu kwenye filta inataka washa mbili mpya za shaba, moja kila upande.

Injekta zipime kabla ya kuzifunga. Kwenye mita, kila moja isome karibu omu 13.8, ikisoma omu 2 au 3, hiyo ni ya mfumo mwingine, itaunguza kontroli boksi. Zikisukumiwa petroli kwa sekunde 15, tofauti kati ya moja na nyingine isizidi cc 5, na zikifungwa zisidondoshe zaidi ya tone moja kwa dakika. Oringi zote weka mpya. Zipake petroli kidogo, usipake grisi, kisha ukishakaza reli zungusha kila injekta kwa vidole. Inayogoma kuzunguka imeikunja oringi yake. Toa, weka nyingine. Boliti za manifoldi kaza kuanzia katikati kwenda nje, N·m 19.

Umeme

Chomoa nguzo hasi ya betri kabla ya kugusa waya wowote. Mkanda wa FE una plagi nyingi, ila nyingi zinajikalisha zenyewe kwa sababu kila moja ina umbo lake. Unachounganisha na gari la zamani ni nyaya chache:

- moto wa kudumu kutoka betri kupitia fyuzi ya A 15
- moto wa swichi, unaoamsha relei kuu
- waya wa starta, STA, unaoijulisha kontroli boksi kwamba unawasha
- moto wa pampu kutoka relei ya pampu hadi tenki
- taa ya kuonya kwenye dashibodi, pini ya W
- sensa ya mwendo, SPD. Ikikosekana injini inawaka, lakini taa inaleta kodi (namba ya hitilafu) 42

Pampu isiunganishwe moja kwa moja na swichi. Relei yake ipo kwa sababu ya ajali: injini ikizima, kontroli boksi inakata pampu. Ukiiruka relei, gari likipinduka pampu itaendelea kumwaga petroli kwenye bomba lililokatika.

Sasa ethi (nyaya za upande hasi). Nyaya za ethi za kontroli boksi (E1, E01, E02) zifungwe kwenye manifoldi au kichwa cha injini, kwenye chuma kilichosuguliwa hadi king'ae. Bodi ina rangi na kutu. Ukifunga huko sensa zote zinadanganya kidogokidogo. Ili kuthibitisha, weka mita kwenye voliti, ncha moja nguzo hasi ya betri, nyingine pini ya E1, mtu apige starta. Isizidi voliti 0.2. Ikizidi, badilisha waya mnene kati ya injini na betri.

Distributa ya kabureta haifai, kwa sababu inajisogeza yenyewe kwa vakyumu na haina koili za G na Ne zinazoiambia kontroli boksi injini iko wapi. Funga ya FE silinda namba 1 ikiwa juu kwenye mgandamizo. Pengo kati ya meno na koili ndani yake liwe milimita 0.2 hadi 0.4. Moto unakwenda 1-3-4-2.

Kontroli boksi iwekwe ndani ya gari, chini ya dashibodi, pakavu, na nyaya zipite kwenye tundu lenye mpira.

Kuwasha mara ya kwanza

Mtungi wa kuzimia moto wa unga uwe karibu, gari liwe nje, wenye sigara wakae mbali. Kwenye kiboksi cha uchunguzi unganisha +B na Fp kwa kipande cha waya, washa swichi bila kupiga starta. Pampu itanguruma. Pitia kila kiungo kwa tochi na kitambaa kikavu. Chomoa mpira wa kurudi uuelekeze kwenye chupa: angalau nusu lita itoke kwa sekunde 30.

Toa kipande hicho, piga starta. Ikishawaka na kupata moto, kwenye kiboksi hichohicho unganisha TE1 na E1, weka taa ya taimingi na uzungushe distributa hadi nyuzi 10 kabla ya kilele, kisha ukate muunganisho. Usisahau kuukata, ukibaki, taimingi haisogei na gari litakuwa zito.

TE1 na E1 hizohizo ndizo zinazosoma kodi, swichi ikiwa imewashwa na injini imezimwa. Taa ikipepesa haraka bila kukatika, hakuna kodi. Ikipepesa mara 2, ikapumzika, ikapepesa mara 2, hiyo ni 22.

Likikataa

Linawaka sekunde moja na kuzima: tazama kodi 14. Kontroli boksi haipati jibu kutoka kwa igniter, kwa hiyo inafunga injekta kwa makusudi. Mara nyingi ni waya wa IGF, unaoleta jibu hilo, au ethi ya igniter.

Haliwaki kabisa na cheche hakuna, kodi 12: distributa haitumi ishara. Plagi yake au pengo la koili.

Asubuhi linasumbua, mchana moshi mweusi, kodi 22 au hata bila kodi: sensa ya joto la maji. Ipime ikiwa nje: kwa nyuzi 20 isome kilo-omu 2 hadi 3, kwenye maji ya nyuzi 80 isome omu 200 hadi 400. Wengi wanafunga plagi hii kwenye sensa ya geji ya dashibodi, zinakaa jirani na hazifanani kazi.

Kodi 31, au gari halina nguvu: mpira wa sensa ya vakyumu umechomoka au umepasuka. Swichi ikiwa imewashwa, injini imezimwa, pini ya PIM (ya sensa hiyo) inasoma kati ya voliti 3.3 na 3.9 ukiwa Dar es Salaam au Mombasa. Nairobi itasoma chini ya hapo, na si ubovu. Inapima hewa nyepesi ya huko.

Sailensa iko juu na haishuki: hewa inaingia baada ya throtoli. Pulizia maji kidogo kwenye gasketi ya manifoldi na kila mpira. Pale mlio utakapobadilika ndipo penye tundu. Sailensa ikipanda na kushuka kama inapumua, safisha vali ya sailensa kwa dawa ya kabureta, kisha hakikisha mguso wa IDL kwenye sensa ya throtoli unafunga kanyagio likiachiwa.

Baada ya kilomita 500, kaza tena klempu zote injini ikiwa baridi na ubadilishe filta ya mafuta. Takataka za tenki la zamani au la mtumba huwa zimeshafika hapo.